Unyevu Ndani ya Gari la Kulala: Kujua Maji Yanatoka Wapi na Kuyazuia

Watu wengi wakiona doa la maji kwenye dari ya gari la kulala hukimbilia dukani kununua mrija wa silikoni. Mara nyingi pesa hiyo hupotea bure. Maji yanayoharibu gari ni ya aina mbili, na dawa zake zinapingana: yale ya mvua yanayopenya kwenye matundu na maungio, na yale ya jasho, yaani mvuke unaotoka kwa watu waliolala, kwenye sufuria na kwenye taulo mbichi, ukagandia mabati ya baridi. Yale ya kwanza yanataka kuzibwa. Ya pili yanataka gari lifunguliwe. Ukiziba kila upenyo kwenye gari linalotoa jasho, unalizidishia ugonjwa.

Maelezo haya yanafaa Hiace iliyotiwa kitanda, Coaster iliyogeuzwa nyumba, Land Cruiser yenye paa la kunyanyua, na motohomu iliyoletwa kutoka Ulaya. Hizi za mwisho zina hatari yake peke yake: kuta za nyingi kati yake ni fremu ya mbao na povu, juu yake bati jembamba la alumini. Kwa nje ukuta unang'aa, ndani mbao zimeshakuwa uji.

Hatua ya kwanza: tambua maji ni ya wapi

Usiguse kitu kabla ya kujibu maswali haya. Je, maji yanaonekana hata asubuhi ya kiangazi, bila mvua? Basi ni jasho, au ni bomba la ndani. Yanaonekana baada ya kuendesha kwenye mvua tu, lakini gari likiegeshwa kwenye mvua hiyohiyo linabaki kavu? Tazama kioo cha mbele, raba za milango na matao ya magurudumu, maana huko maji husukumwa na upepo na tairi. Yanaonekana hata gari likisimama? Anza na paa.

Doa la uvujaji huwa na rangi ya chai na ukingo uliokolea, kwa kuwa maji yamepita kwenye mbao na vumbi. Jasho huacha matone yaliyosambaa, na baadaye vidoa vyeusi vya ukungu kwenye pembe, nyuma ya godoro na ndani ya makabati ya juu.

Ukibaki na shaka, chukua karatasi ya foili ya jikoni, kipande cha sentimita 30 kwa 30. Kausha sehemu yenye doa, bandika foili, kingo zote nne zizibwe kwa utepe. Iache siku nzima, usiku ukiwamo. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho. Foili ikiwa kavu huku mbele na ukuta umelowa nyuma yake, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Kwa uvujaji wa mvua, fanya jaribio la mpira wa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, viti na mapazia yakiwa yameondolewa. Mwingine amwage maji taratibu, bila kubana mdomo wa mpira, akianzia chini na kupanda juu: kwanza matao ya magurudumu na vizingiti vya milango, halafu madirisha, kisha taa za nyuma, mwisho paa. Kila sehemu ipate dakika 5 hadi 10 kabla ya kusogea. Ukianza na paa hutajua kitu, kwa sababu maji yatateremka na kulowesha kila kiungo kwa mara moja. Mashine ya kuoshea yenye kasi isitumike kabisa. Inaingiza maji hata pale ambapo mvua isingeingia, na inang'oa raba iliyokuwa nzima.

Kumbuka pia kwamba maji husafiri. Yakiingia kwenye tundu la waya wa sola juu ya paa, hufuata ubavu wa paa hadi upande ulioinama, kisha hudondoka pembeni mwa kitanda mita mbili kutoka pale yalipoingilia. Ndiyo maana kuziba palipo na doa hakusaidii. Inamisha gari upande mmoja, kisha upande wa pili, uone kama doa linahama.

Hatua ya pili: kagua sehemu zenye sifa mbaya

Kwenye magari ya van, taa ya breki ya tatu iliyo juu ya mlango wa nyuma ni mkosaji mkubwa. Raba yake nyembamba hukauka kwa jua na kupasuka. Zikifuatia ni taa za nyuma, miguu ya keria, na raba ya kioo cha mbele. Kwenye magari ya safari yenye paa la kunyanyua, pitisha kidole kwenye raba yote ya kuzunguka: ikiwa imelala bapa na hairudi ukiibonyeza, haizibi tena hata ufunge paa kwa nguvu gani. Jaribu kwa kubana kipande cha karatasi kati ya raba na bodi. Kikivutika bila kukwama, raba ibadilishwe.

Vitobo vya kutolea maji chini ya milango, na bonde lililo chini ya kioo cha mbele, visafishwe kwa mkono. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe au mkungu hujaa majani humo, na maji yaliyokosa njia huingia chumbani kupitia tundu la hewa la feni. Kazi ya dakika 10, na mafundi wengi hawaifikirii mpaka wamekwisha kung'oa nusu ya gari.

Barabara zetu nazo zina mchango wake. Kilomita 100 za barabara ya vumbi yenye mawimbi hutikisa bodi na kufungua maungio ambayo kwenye lami yangedumu miaka. Ukirudi kutoka safari ya namna hiyo, panda ngazi ukague paa kabla mvua haijakukagulia. Ukaguzi kamili ufanywe mara mbili kwa mwaka: Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Kwa walio nyanda za juu kusini, kama Mbeya na Njombe, ambako mvua ni ya msimu mmoja mrefu, ukaguzi wa Oktoba ndio wa lazima.

Hatua ya tatu: chagua kizibio kinachofaa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Silikoni ina mahali pake, nayo ni bafuni na kwenye sinki. Juu ya paa isipande. Ile inayonuka siki hula chuma, na aina zote huacha utando ambao gundi nyingine yoyote haishiki juu yake. Ukiikuta imeshapakwa na mwenye gari wa zamani, ikwangue kwa kibao cha plastiki, pitisha dawa ya kuondolea silikoni, kisha nyunyiza maji. Maji yakijikusanya vitone kwenye mstari ilipokuwa, bado ipo. Rudia.

Utepe wa butili, yaani raba laini inayonata, ndio wa kuweka chini ya kitu chochote kinachofungwa kwa skrubu: fremu ya dirisha, kifuniko cha paa, ukingo wa alumini. Haukauki kuwa mgumu, kwa hiyo gari likicheza nao hucheza, na siku ya kufungua hutoka bila vita. Gundi ya poliuretheni, aina ya Sikaflex 221, inafaa kuunganisha chuma kwa chuma. Hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, kiasi cha milimita 3 kwa siku, hivyo mstari mnene unahitaji siku mbili au tatu kabla ya safari. Isiguse madirisha ya akriliki wala polikaboneti, kwani plastiki hizo hupata nyufa ndogondogo baada ya miezi. Kwenye plastiki tumia butili, au kizibio cha aina ya MS polima ambacho maelezo yake yanaitaja plastiki hiyo.

Kusafisha kabla ya kuziba: alkoholi ya isopropili na kitambaa cheupe, hadi kitambaa kibaki cheupe. Petroli na thina viwekwe mbali na plastiki.

Hatua ya nne: kuweka kifuniko cha paa kisichovuja

Tundu la kufungulia hewa kwenye paa ni rafiki wa gari linalotoa jasho na adui wa gari lililotengenezwa ovyo, kwa hiyo tulieni hapa.

Vifuniko vya Ulaya huhitaji tundu la milimita 400 kwa 400. Vya Marekani huhitaji inchi 14 kwa 14, yaani milimita 356. Pima kutoka ndani, hakikisha hakuna boriti ya paa wala waya, kisha toboa pembe nne kwa drili. Kabla ya kukata, funika paa kwa magazeti na utepe. Chembe za chuma zinazoruka zikibaki juu ya rangi usiku mmoja wenye umande, asubuhi zimeshaanza kutu.

Ukishakata, piga tupa kingo hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Paka praima ya zinki, iache ikauke, kisha rangi mara mbili. Anayeruka hatua hii huona kizibio chake kizima kabisa baada ya miaka miwili, lakini chini yake kutu imetambaa na bati limeachana nacho.

Weka fremu ya mbao ngumu ndani, iwe na unene wa kutosha skrubu zisishike bati tupu. Kisha butili. Paa la Hiace lina mabonde na matuta ya urefu wote, na mstari mmoja wa utepe haujazi bonde. Jaza mabonde kwanza kwa vipande vya butili mpaka uso uwe sawa na matuta, halafu zungusha tabaka mbili kamili chini ya ukingo wa kifuniko, maungio ya utepe yasikutane mahali pamoja na yasiwe upande wa mbele ya gari. Mabonde ya kina sana yanataka fremu maalumu ya kusawazisha, si butili tu.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa magari ya Pwani chagua daraja A4, kwa sababu A2 nayo hupata madoa kwenye hewa ya chumvi. Kaza kwa kuvuka, pembe hii kisha ile ya mkabala, mpaka butili ianze kuchungulia pande zote. Simama hapo. Siku ya pili, jua likiwa kali na butili imelainika, zunguka tena na kukaza kidogo. Anayekaza mpaka mwisho siku ya kwanza huisukuma butili yote nje na kubaki na plastiki iliyopinda. Kata iliyozidi kwa kibao cha plastiki, funika vichwa vya skrubu kwa MS polima, basi.

Kiyoyozi cha paani kina gasketi ya sponji badala ya butili. Boliti zake zikazwe hadi sponji ibane kama nusu ya unene wake. Ikilegea maji hupita, ikibanwa sana hufa mapema.

Hatua ya tano: dhibiti jasho

Watu wawili wakilala kwenye gari lililofungwa hutoa kwa pumzi na ngozi kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa usiku. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, bila kuhesabu mvuke wa sufuria. Maji hayo yote lazima yaende mahali.

Chukua hewa ya ndani yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70. Hewa hiyo huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 14 au chini. Usiku wa Limuru, Lushoto au Makete bati la gari huwa baridi kuliko hapo, na asubuhi dari inadondosha matone usoni pa mtu. Tiba ina sehemu mbili: toa mvuke, na usiiruhusu hewa ya chumbani iguse bati.

Kutoa mvuke: fungua kifuniko cha paa sentimita 2 hadi 3, na dirisha la chini upande wa mkabala kiasi hichohicho, usiku kucha, hata kukiwa na baridi. Feni ya volti 12 ikielekezwa nje kwa mwendo wa chini haizidi ampea moja, na betri yenye afya haiisikii. Maharage yachemkie nje. Sufuria ifunikwe. Taulo, kanga iliyofuliwa na viatu vilivyolowa visikaushwe ndani. Weka haigromita ndogo, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, karibu na kitanda; nyanda za juu jitahidi isome chini ya asilimia 60.

Matundu ya kudumu ya usalama wa gesi, yale ya sakafuni na ya juu, yasizibwe kamwe kwa ajili ya baridi au vumbi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kupasha joto wala kukausha gari: kaboni monoksidi haina harufu, inaua waliolala. Heta ya gesi isiyo na bomba la moshi ni mbaya kwa sababu hiyohiyo, tena inaongeza maji. Anayehitaji joto afunge heta ya dizeli inayotoa moshi nje.

Kuzuia hewa isiguse bati: bandika povu lenye vitundu vilivyofungwa, aina ya XPE au raba ya Armaflex, moja kwa moja juu ya chuma, bila mwanya nyuma yake. Unene wa milimita 20 unabadilisha mambo. Sufi ya kioo na sponji ya godoro hazifai. Hunywa maji na kuyashikilia kwenye bati. Mbavu za chuma zilizobaki wazi zibandikwe hata milimita 5, la sivyo jasho lote litakusanyika hapo.

Godoro lisilale juu ya plaiwudi tupu. Tumia chaga, au toboa ubao matundu ya milimita 30 kila sentimita 15, na uliegemeze ukutani kila asubuhi kwa nusu saa. Chini ya godoro ndipo ukungu huanzia karibu kila gari, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Pwani mambo yanageuka. Mombasa au Tanga hewa ya usiku ni ya joto na imejaa unyevu, lakini bati nalo ni la joto, kwa hiyo ukifungua madirisha hakuna jasho. Shida huletwa na kiyoyozi: umelipoza gari hadi nyuzi 22, ukafungua mlango, hewa ya baharini ikaingia na kulowesha kila kitu kilichopoa. Fungua na kufunga mlango haraka, na ukizima kiyoyozi acha gari lipate joto taratibu kabla ya kufungua makabati. Gari linaloegeshwa wiki nyingi wakati wa masika liachwe na vifuniko vya hewa wazi chini ya banda, milango ya makabati na friji ikiwa wazi, magodoro yamesimamishwa. Turubai la plastiki lililolazwa juu ya bodi linafungia mvuke ndani. Vile vikopo vya chumvi ya kalisi vinavyonyonya unyevu vinasaidia kabati dogo, lakini maji yake hula chuma; visibaki ndani gari likitembea.

Hatua ya sita: mabomba

Jaza tangi, washa pampu, fungua kila koki mpaka hewa itoke, kisha zifunge. Pampu inapaswa kunyamaza. Kaa dakika 30 usikilize. Ikiguna hata mara moja bila mtu kufungua maji, shinikizo linapotea mahali. Zungushia karatasi ya tishu kila kiungo, chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye hita ya maji, uone ipi inalowa. Mara nyingi ni bomba lililokatwa mshazari kabla ya kusukumwa kwenye kiungo. Likate upya, mraba kabisa. Klipu iliyokazwa kupita kiasi nayo hukata mpira.

Sahani ya bafu, ile ya kusimamia unapooga, hupasuka kwa sababu haina kitu chini yake. Ijazie povu gumu au mbao kabla ya kuziba kingo. Na swichi ya pampu izimwe kila unapoendesha: kiungo kikichomoka barabarani pampu iliyo hai itamwaga tangi zima chini ya sakafu.

Maji yakishaingia

Una siku moja au mbili kabla ya ukungu kuanza. Toa mazulia, magodoro na mbao za sakafu zinazofunguka, weka feni ikipuliza kwenye mwanya na si juu ya uso tu. Pima mbao kwa kipimo chenye sindano mbili. Ulaya chini ya asilimia 15 ni salama, 15 hadi 20 ni pa kuangaliwa, zaidi ya 20 pana uvujaji. Pwani mbao nzima zinaweza kusoma 16 hadi 18 kwa hewa peke yake, kwa hiyo pima kwanza mahali unapojua ni pakavu, ndipo ulinganishe.

Ukungu juu ya plastiki na vinili unasafishwa kwa maji ya sabuni, kisha siki, ukiwa umevaa glavu na barakoa. Jiki haifai kwenye mbao, haiingii ndani, na isichanganywe na siki hata tone: hutoa gesi ya klorini.

Mbao laini zichomwe kwa ncha ya bisibisi. Inayozama bila nguvu ikatwe, sentimita 10 hadi 15 kuingia kwenye mbao nzima, na kipande kipya kiwe plaiwudi ya baharini yenye kingo zilizopakwa epoksi mara mbili. MDF na chipubodi, yaani mbao za unga na chembe za mbao zilizoshindiliwa, zisirudi humo. Kabla ya kufunga ukuta, rudia jaribio la mpira wa maji paneli zikiwa bado wazi, na usubiri kipimo kisome sawasawa na upande mkavu, hata ikichukua wiki mbili.